KUBANA BREKI SI KUITENGENEZA



Msimu wa karafuu unapokaribia, kila mtu hushughulika na majamvi na magunia. Gari husahauliwa, na hali ndiyo itakayobeba wachumaji asubuhi na magunia jioni. Baadhi ya wenzetu wenye gari kongwe za breki za dramu wana dawa moja tu: pedeli ikishuka, kijana huambiwa aingie chini na spana, abane, basi.

Tuchukue mfano wa Land Rover za Series II na IIA, zilizotoka kiwandani Uingereza baina ya mwaka 1958 na 1971. Magurudumu yote manne yana dramu. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukumwa mpaka silinda ya gurudumu. Silinda hutanua viatu viwili vya breki, na bitana zake hukaza dramu kwa ndani. Bolti ya kubania iko upande wa nyuma wa gurudumu. Ukiizungusha, kiatu husogea karibu na dramu na pedeli hupanda.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Bolti ile hufidia bitana iliyolika, basi. Haizibi silinda inayovuja, wala haikaushi bitana iliyoroa mafuta. Ugonjwa huo hauonekani mpaka dramu ifunguliwe.

Weka gari pahali tambarare, zuia magurudumu, inua kwa jeki, kisha lipumzishe juu ya stendi madhubuti. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Legeza bolti ya kubania kwanza, ndipo uvute dramu. Fungua upande mmoja, na wa pili uwe kielelezo cha mahali pa kila springi.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Lilowanishe kwa maji, ufute kwa kitambaa, na kitambaa ukifunge ndani ya mfuko.

Kisha tazama. Bitana ikikaribia misumari yake, ibadilishwe, kwani misumari huichimba dramu. Ikiwa imeroa, tafuta chanzo: mafuta ya breki hutoka kwenye silinda, mafuta mazito hutoka kwenye sili ya ekseli. Ziba uvujaji kwanza, ndipo utie bitana mpya, na utie magurudumu yote mawili, kushoto na kulia, ama sivyo gari itavuta upande mmoja.

Mafuta ya breki nayo yana siri yake: hunywa unyevu wa hewa, na visiwani hewa yetu ni ya unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji huweza kuchemka kwa 140 tu. Mteremko mrefu wenye mzigo huitia breki moto mkali. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huenda mpaka chini pasi na gari kusimama. Basi yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na mteremko ushukwe kwa gea ndogo. Mafuta ya injini yasitiwe humo kabisa. Huvimbisha mipira ya silinda.

Mwisho, toa hewa kwenye mabomba, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, huku ukiongeza mafuta yasiishe. Sasa ndiyo zamu ya kubana: zungusha bolti mpaka gurudumu lishike, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke huru. Jaribu gari polepole, tupu, njia ya tambarare.

Asiyeweza kazi hii na ampelekee fundi, lakini aombe aonyeshwe dramu ikiwa wazi kabla ya kulipa. Mchumaji anayekaa juu ya magunia hana njia ya kujua breki zina hali gani. Amemuamini mwenye gari, na hiyo ni amana.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama