Thurea hupendeza kwa balbu, si kwa bei

NYUMBA nyingi zinazojengwa mijini siku hizi hazikosi thurea, ile taa ya matawi mengi inayoning'inia darini, aghalabu katikati ya sebule au juu ya meza ya maakuli. Mwenye nyumba huzunguka madukani siku kadhaa akitafuta itakayomridhisha, akalipa maelfu ya shilingi, kisha kazi ya kuchagua balbu akamwachia fundi wa stima. Fundi naye hutia zozote zinazoingia. Usiku unapoingia na swichi kubonyezwa, vioo vilivyometameta dukani huonekana vimefifia, na sebule nzima ikawa na weupe mithili ya chumba cha upasuaji.

Kosa si la thurea. Taa ya aina hii ilitumika tangu enzi za mishumaa, na vipande vya vioo vilivyochongwa vilitundikwa ili kila mwali mdogo uvunjwevunjwe na kumrudia mtazamaji mara nyingi. Hata jina lenyewe ladokeza hivyo. Thurea ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo ndilo pia jina la kile kishada cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia.

Kioo kilichochongwa huhitaji chanzo cha mwanga kilicho kidogo na kikali. Balbu yenye gamba jeupe kama maziwa hutawanya mwanga kabla haujavifikia vioo, na mmeto hupotea. Kwa hivyo, thurea yenye vioo yafaa kutiwa balbu angavu, na katika zile za LED, zilizo bora ni zenye nyuzi nyembamba za mwanga ndani, zinazofanana na balbu za kale. Thurea ya chuma au mbao isiyo na vioo ni kinyume chake, hasa ikiwa inaning'inia chini kiasi cha balbu kuonekana waziwazi na mtu aliyeketi. Hapo balbu angavu itamchoma macho, na ile ya maziwa ndiyo bora. Matawi yanapofunikwa kwa kofia za kitambaa, tofauti hii haionekani na hakuna haja ya kugharamia urembo utakaofichwa.

Umbo ni jambo jepesi zaidi. Matawi yanayotazama juu hupendezwa na balbu za umbo la mshumaa, na yanayotazama chini na zile za mviringo.

Rangi ya mwanga ndiyo huwakosesha wengi. Kwenye pakiti huandikwa nambari inayofuatwa na herufi K, yaani Kelvini. Kadiri nambari ilivyo ndogo, ndivyo mwanga unavyoelekea umanjano wa mshumaa. Kwa sebule na meza ya chakula, 2700 hadi 3000 hutosha, ilhali balbu za 6500, ambazo zimejaa madukani, zafaa zaidi pahali pa kazi. Ni busara kununua balbu zote za pakiti moja pamoja na mbili tatu za akiba. Balbu ngeni iliyoingizwa baadaye kati ya nane huonekana kama jino la bandia.

Kabla ya kulipa, sharti mnunuzi aijue holda yake. Balbu za kawaida nchini ni za pini mbili zenye upana wa milimita 22 au za kusokota zenye milimita 27, lakini thurea nyingi hutumia holda nyembamba ya kusokota ya milimita 14, inayoandikwa E14. Wanaoletewa balbu na jamaa walio Marekani wajihadhari. Kule, balbu ndogo za thurea zina milimita 12, na zimeundiwa umeme wa volti 120. Kenya hutumia volti 240.

Ndani ya holda au kwenye kibandiko cha thurea huandikwa pia kiwango cha juu cha wati, aghalabu 40 kwa kila holda. Onyo hilo si pambo. Balbu ya kale yenye uzi unaochomeka hugeuza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa joto. Asiyeridhika na mwanga akitia za wati 60, joto hilo hukausha plastiki ya holda na kupasua ngozi ya nyaya. Waya mbili zikigusana, moto huanzia darini, pahali ambapo ni vigumu kuufikia.

LED ya wati 4 hutoa mwanga unaokaribia wa balbu ya kale ya wati 40, yaani lumeni 400 hivi. Thurea ya matawi manane ikiwashwa saa tano kila usiku, balbu za kale hula yuniti 48 za stima kwa siku 30. Za LED hula 4.8. Hata hivyo, LED nayo huchukia joto, kwani kitako chake kina vifaa vidogo vya elektroniki. Ikifungiwa ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa, haidumu.

Wenye swichi ya kupunguza mwanga watafute balbu ambazo pakiti yake yasema zakubali kupunguzwa. Hata hizo huenda zikapepesa, maana swichi nyingi za zamani ziliundiwa mzigo mkubwa, na balbu nane za LED hazifikishi wati 40 zote pamoja. Dawa ni kubadilisha swichi.

Kuna na balbu zinazobaki zikififia gizani baada ya swichi kuzimwa. Wakati mwingine chanzo ni kijitaa kilichomo ndani ya swichi, na hakina madhara. Lakini yawezekana pia kuwa fundi alipitisha kwenye swichi waya unaourudisha umeme badala ya ule unaouleta. Ikiwa hivyo, holda zina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu anaweza kupigwa na stima. Asipande kabla ya kuzima swichi kuu ya nyumba, na nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni.