Wasiokula nyama si wa aina moja

Kwetu Pwani ukiuliza, "Leo mboga nini?" unaweza kujibiwa, "Kibua." Mboga ni chochote cha kulia ugali au wali. Kwa hiyo mtu akikuambia anakula mboga tu, muulize anaacha nini hasa.

Wapo wanaoacha nyama lakini samaki wanakula, kama tufanyavyo sisi Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mvuvi wa Bagamoyo haoni taabu siku hizo. Wasabato wengi wanaoacha nyama na samaki hutumia maziwa na mayai. Wahindu wengi wa Dar es Salaam wasiokula nyama huacha na mayai, ila mtindi na samli wanatumia. Wajaini huweza kuacha hata vitunguu na viazi. Tena wapo wasiogusa chochote kitokanacho na mnyama, hata asali. Hao waliunda chama chao Uingereza mwaka 1944.

Mtu mzima aweza kuishi vizuri hivyo, mradi achague vyakula vyake. Kunde, choroko, mbaazi na karanga hujenga mwili. Mchicha na kisamvu vina madini ya chuma (kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kikiwa kibichi kina sumu). Ukamulie limau ili madini hayo yaingie mwilini. Chai huyazuia, basi inywewe baadaye.

Hatari iko kwenye vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea tunayokula. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu huona mambo shwari, kisha damu hupungua na miguu hufa ganzi. Mama mjamzito au anyonyeshaye asiyekula kabisa vitu vya mnyama aweza kumkosesha mtoto vitamini hiyo, na mishipa ya fahamu ya mtoto ikaharibika. Huyo lazima apate vidonge vya B12. Aseme kliniki mapema, asingoje kuulizwa.

Lakini tuseme kweli: nyumba nyingi huku hazikuchagua. Nyama haipo kwa sababu fedha haipo, na mtoto anakula ugali wa muhogo kwa mchicha wiki nzima. Muhogo una protini kidogo mno. Mtoto huyo atiliwe kunde zilizopondwa, na dagaa. Waoshwe mchanga, waanikwe tena, wasagwe, kisha kijiko kimoja kitiwe katika uji unapochemka. Na kama kuna kuku anayetaga uani, mayai yake yasiende yote sokoni.