Pumzi za Mtoto kwa Dakika Moja

Mwanafunzi wa uuguzi afikapo mazoezini katika kituo cha afya huko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, hukuta baraza imejaa akina mama. Tangu Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mstari ni mrefu.

Kumtoboa mtoto kidole apimwe malaria ni kazi nyepesi. Kazi ni kumhesabia pumzi dakika nzima. Wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano anayekohoa, akifikisha 40, huenda ana nimonia, hata kama malaria imeonekana. Mwanafunzi hushawishika kuhesabu nusu dakika (na nani asingeshawishika?). Asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu au aliyeshikwa na degedege hangoji zamu.