Oya Produza, Usiizime Ilimba

Washkaji wa Manyoni mpaka Singida mjini, hii inawahusu kinoma. Umemrekodi mzee akipiga ilimba ya Kigogo, ile ala ya ndimi za chuma juu ya boksi, laini moja tamu balaa, ukaitupia kwenye Basic Pitch, ile programu ya bure Spotify waliyoiachia 2022, ikugeuzie mlio uwe MIDI uuvalishe sinta na besi. Kinachorudi ni vurugu mechi: noti ambazo mzee hakuzigusa zinadunda, oktava zimeruka, na huko chini kuna G nzito imeganda mwanzo mwisho.

Anza na hiyo G, maana haikutoka kwenye ala. Ni umeme, mwanangu. Umeme wa Bongo unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na G ya oktava ya chini kwenye piano iko 49. Mvumo wake unajirudia kwenye 100, na hapo napo kuna G nyingine, 98. Kompyuta haijui kama hiyo ni chaja inazingua. Kwake ni noti tu. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, waya wa maiki usilale ubavuni mwa eksitensheni. Kisha chukua ikwalaiza, kata kila kilicho chini ya noti nzito kuliko zote za ala yako. Upepo wa Singida mnaujua, hauna adabu: ivishe maiki sponji, jibanze nyuma ya ukuta. Jogoo akiwika, subiri amalize. Hakuna pulagini ya jogoo.

Sasa ilimba yenyewe inavuma kwa makusudi. Tundu la boksi linazibwa kwa utando wa buibui, na kila ulimi wa chuma ukiguswa, utando unajibu zzzz. Sisi hapo tunapata mzuka. Programu inaona lundo la noti. Njia ya mkato ni kuung'oa ule utando au kuubandikia solotepu. Mimi hapo namaindi kabisa. Umeua nusu ya ngoma ili mashine isichanganyikiwe!

Rekodi njia mbili kwa mpigo. Maiki mbele ya ala, hiyo ndiyo sauti ya kwenye wimbo, usiiguse. Halafu pizo, kile kidiski chembamba cha shaba kilichomo kwenye vidude vinavyolia bip, kibandike kwenye mbao karibu na mashina ya zile ndimi. Kinasikia mtikisiko wa mbao zaidi kuliko hewa, kwa hiyo zzzz inapungua sana. Njia ya pizo peke yake ndiyo uipeleke kwenye kugeuza, na noti fupi mno zifute.

Bado tyuni. MIDI, ya tangu 1983, inahesabu noti 0 hadi 127, kila moja nusu toni. Skeli ya Kigogo inafuata ngazi ya harmoniki za asili, na ile harmoniki ya saba inakaa chini ya noti ya piano kwa kama theluthi moja ya nusu toni. Ukiacha programu inyooshe kila kitu, mzee atasikia wimbo wa kigeni. Washa pichi bendi, na kipimo chake kwenye sinta kiwe sawa na cha programu iliyogeuza. Kama ndimi mbili zinalia pamoja, kila moja ipe chaneli yake, maana bendi inavuta chaneli nzima. Ukimaliza, kabla hujaongeza hata kiki, mpe mzee hedifoni asikilize kwanza.