Waamuzi na Watunzi Wapya wa Muziki

Kila mara shule zetu zinapokwenda katika mashindano ya muziki, watu hushangilia kwaya na ngoma, na kombe likiletwa nyumbani basi usiku huo shule nzima haina usingizi. Lakini liko shindano moja katika orodha ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni lile la wimbo mpya, uliotungwa na wanafunzi wenyewe au mwalimu wao. Mbele ya jukwaa hukaa watu watatu au wanne wenye kalamu na karatasi. Hawaimbi wala hawapigi ngoma. Wanafunzi huwaogopa, na wakishindwa huwasema vibaya njia nzima mpaka Mbale. Nataka kueleza habari za watu wa namna hii, maana kazi yao ni kubwa kuliko kutoa alama, na baadhi ya nyimbo tuzijuazo sote zisingalikuwako bila wao.

Kwanza yafaa tuelewane ni muziki gani. Sisemi habari za bendi ya dansi. Bendi haihitaji mwamuzi, kwa sababu wachezaji wenyewe ndio waamuzi: wimbo ukiwa mbaya watu hurudi vitini, na mtunzi anajua habari yake usiku ule ule. Nasema habari za muziki ulioandikwa kwa noti au kwa solfa, ili watu wasiomjua mtunzi waweze kuuimba au kuupiga, hata kama yeye yuko mbali au amekwisha kufa. Mtunzi wa muziki huu ana taabu ya pekee. Akiandika wimbo wa sauti nne, hawezi kuusikia mpaka apate watu arobaini walio tayari kuja mazoezini. Akiandika kazi ya violini na selo, shida ni kubwa zaidi, maana wapigaji wenyewe katika nchi yetu ni wachache. Kwa hiyo karatasi yake hubaki karatasi, mpaka atokee mtu ajuaye kuisoma kwa macho na kuisikia kichwani, kisha aseme, huyu apewe nafasi. Mtu huyo ndiye mtaalamu ninayemtaja.

Mfano ulio karibu nasi ni Wimbo wa Taifa la Uganda. Uhuru ulipokaribia katika mwaka wa 1962, iliwekwa kamati ndogo chini ya Senteza Kajubi, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kamati ilitangaza mashindano nchi nzima, ikataka wimbo uwe mfupi, uwe mpya usioigwa kwingine, uwe na uzito, uisifu nchi na kutazama mbele. Ukiyatazama masharti hayo utaona kwamba ni kazi ya watu wenye akili. Neno "mfupi" peke yake limewaangusha watunzi wengi, maana kijana akishika kalamu hutaka kusema yote aliyo nayo moyoni.

Aliyeshinda ni George Wilberforce Kakoma, mwalimu wa muziki aliyezaliwa mwaka wa 1923. Husimuliwa kwamba aliutunga wimbo huo kwa siku moja. Hata leo ni miongoni mwa nyimbo za taifa zilizo fupi kabisa duniani, na ndiyo sababu huimbwa zaidi ya ubeti mmoja. Uliimbwa bendera ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, na kila mwanafunzi wa Uganda ameuimba tangu hapo. Lakini iko habari ya pili, na sipendi kuificha. Kakoma alipewa shilingi 2,000 za shukrani. Katika mwaka wa 2008, akiwa mzee, alipeleka shauri mahakamani kudai haki yake ya mtunzi. Alifariki mwaka wa 2012. Basi mtu akiuliza tofauti kati ya kumchagua mtunzi na kumsaidia mtunzi, nadhani habari hii yamtosha. Kumchagua kulimalizika siku moja, walakini haki yake alikuwa akiidai hata baada ya miaka arobaini na sita.

Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine. Katika mwaka wa 1963 kazi ilipewa wataalamu watano: Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa mkaguzi wa muziki wa shule, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Senoga-Zake asili yake ni Uganda, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui. Watano hao hawakukaa mezani wakingoja bahasha zije. Walitafuta sauti katika nyimbo za wenyeji, na waliyoichagua ni ya wimbo wa Wapokomo wa mto Tana, ule mama aimbao akimbembeleza mtoto alale. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyewapa. Kisha wakaupanga kwa sauti mbalimbali na kuutilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba wimbo ule unaopigwa na bendi ya askari ulianza mgongoni mwa mama. Hapo wataalamu wamekuwa watunzi wenyewe, na wakati huo huo wamemwinua mzee wa kijijini ambaye hajapata kuona noti.

Tanganyika katika mwaka wa 1961 ilichukua sauti iliyokwisha kuwapo, ile iliyotungwa na Enoch Sontonga huko Afrika ya Kusini katika mwaka wa 1897, ikatiwa maneno ya Kiswahili. Hiyo nayo ni hukumu.

Lakini wimbo wa taifa huja mara moja tu. Kijana anayetunga leo asaidiwe na nani? Nitataja watu wawili wa Uganda. Wa kwanza ni Joseph Kyagambiddwa. Huyu alitoa kitabu juu ya muziki wa Buganda katika mwaka wa 1955, kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, yaani hadithi ndefu inayoimbwa na kwaya na waimbaji wa peke yao, pamoja na ngoma na ala za Kiafrika. Ilisikika Roma katika mwaka wa 1964, wakati Mashahidi walipotangazwa kuwa watakatifu. Siku zile bado wako watu waliodhani ngoma haiwezi kuingia kanisani bila kuleta fujo, nao Waganda wakaipeleka mpaka kwa Baba Mtakatifu. Katika miaka iyo hiyo ya 1950 Dr. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, akikusanya nyimbo za makabila. Yeye hakumchagua mtunzi yeyote, lakini nakala za kazi yake zimerudi Makerere, na kijana wa leo aweza kusikia jinsi babu yake alivyopiga. Hiyo nayo nahesabu kuwa msaada, tena msaada usio na kelele.

Wa pili ni Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka wa 1951. Alipokwenda kusoma Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, mwalimu wake alikuwa Kevin Volans, mtunzi wa Afrika ya Kusini. Volans alikuwa na urafiki wa kazi na kundi la Marekani liitwalo Kronos: watu wanne, violini mbili, viola na selo, ambao wamefanya desturi ya kuagiza muziki mpya kwa watunzi wa kila nchi. Tamusuza aliwaandikia kazi aliyoiita kwa Kiluganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Ndani yake nyuzi za Kizungu zinafanya kazi ya ngoma na marimba ya Kiganda. Kronos waliitia katika santuri yao ya mwaka wa 1992, iitwayo Pieces of Africa, pamoja na kazi za Waafrika wengine, na santuri hiyo ikapanda mpaka juu kabisa katika orodha ya muziki wa namna hiyo huko Marekani. Tamusuza baadaye akawa mwalimu Makerere, ikawa zamu yake kuzisoma karatasi za wengine.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Hapakuwa na kombe. Alikuwapo mwalimu mmoja aliyejua kusoma, aliyewajua wapigaji, na aliyekuwa tayari kulitaja jina la mwanafunzi wake mbele yao. Katika Ulaya ziko njia zenye taratibu zaidi. Chama cha Kimataifa cha Muziki wa Kisasa kilianzishwa Salzburg katika mwaka wa 1922, na waamuzi wake huchagua kazi za kupigwa katika tamasha lao kutoka nchi nyingi. Huko Uholanzi Gaudeamus wamekuwa na tuzo ya watunzi vijana tangu mwaka wa 1957. Hata hivyo mimi namwamini zaidi mwalimu mmoja mwenye masikio. Katika mwaka wa 1954 Astor Piazzolla wa Argentina alikwenda Paris kwa mama mmoja mwalimu, Nadia Boulanger, akiwa na mzigo wa karatasi za muziki wa kistaarabu, na akaona haya kusema kwamba kwao alikuwa mpigaji wa tango katika vilabu. Mama yule akasoma karatasi, hakuridhika. Akamtaka apige tango yake mwenyewe. Aliposikia akamwambia asiiache, maana hapo ndipo alipo. Tango za Piazzolla leo hupigwa dunia nzima.

Sasa turudi kwenye meza yetu ya waamuzi. Mwamuzi mwema hutazama nini? Hutazama kama maneno yamekaa vizuri juu ya sauti, maana katika lugha zetu, Kigisu hata Kiluganda, sauti ikipandishwa pasipostahili neno hubadilika maana au huwa kichekesho. Hutazama kama sauti ya tatu na ya besi zina njia yake zenyewe, au zinafuata ya kwanza kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hutazama kama wimbo unakwenda mahali, au unarudia tu. Kisha huandika. Hapo kwenye kuandika ndipo penye faida yote, na ndipo wengine wanapokosea. Miaka mingi iliyopita nilipeleka wimbo wa sauti nne katika mashindano fulani, niliofanya kazi juu yake muda wa likizo nzima. Karatasi yangu ya hukumu ilirudi na alama, na chini yake neno moja: "Jitahidi." Nijitahidi wapi? Katika maneno? Katika besi? Na wimbo wenyewe haukurudi kamwe. Sikuwa na nakala ya pili. Sikutunga tena kwa muda wa miaka sita.

Hapa Malukhu hatukosi vitu vya kutungia. Mwaka wa imbalu ukifika, ngoma za kadodi hupita barabarani tangu asubuhi, na hata mtu mwenye haraka zake huona miguu yamwasi. Upande wa Jinja Wasoga wanayo marimba yao ya embaire, hupigwa na watu kadhaa juu ya shimo moja, na mabaragumu ya bigwala yaliyokaribia kupotea, hata UNESCO ikayaandika katika mwaka wa 2012 kuwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Vijana wawili watatu katika shule hii wanaandika, nimeona madaftari yao. Wanachokosa ni wa kuwasomea. Na wanafunzi wa zamani wanaoongoza kwaya makanisani, kuanzia Mbale mpaka Jinja, ni wengi. Mtu mwenye kwaya ya watu ishirini aweza kutoa robo saa mwisho wa mazoezi, wimbo wa kijana uimbwe mara mbili, naye akae nyuma asikie alichokiandika. Robo saa hiyo humfundisha kuliko alama yoyote. Makosa ataona mwenyewe: hapa sauti ya kwanza imepanda mno, hapa watu hawana pumzi.

Ninyi mnaotaka kupeleka kazi mashindanoni, andikeni kwa wino, mstari kwa mstari, na namba za vipimo juu. Jina liwekwe katika bahasha ya peke yake, ili mwamuzi asijue kama ni mtoto wa nani. Semeni ni sauti ngapi, na wimbo huchukua dakika ngapi. Mkipata karatasi yenye neno moja tu, mfuateni mwamuzi kwa adabu baada ya shughuli, mkamwulize ni kipimo cha ngapi kilichomchukiza. Wengi wao ni walimu, nao hufurahi kuulizwa. Na nakala moja ibaki nyumbani.