Mshahara Unaokatika Darajani Mtwapa

Kabla jua halijachomoza, daraja la Mtwapa huwa limeshajaa. Matatu zinazotoka kaskazini zimebeba wahudumu wa hoteli, mayaya, walinzi na vibarua wa mjengo wanaowahi kazi Shanzu, Bamburi na Nyali. Zinazotoka Mombasa zimebeba wenzao wa kazi zizo hizo, wao wakielekea Mtwapa na Kikambala. Hupishana juu ya hori, kila mmoja akikimbilia riziki yake, na anayewatazama hawezi kuwatofautisha.

Sheria inawatofautisha. Daraja hilo ni mpaka wa Kaunti ya Mombasa na Kaunti ya Kilifi, na kwa hesabu ya kima cha chini cha mshahara, mtu anayefagia ua upande wa kusini anastahili karibu mara mbili ya anayefagia ua upande wa kaskazini. Fagio ni lile lile, jua ni lile lile, na jioni wote wawili hupita duka moja kununua unga.

Kenya imegawanywa katika kanda tatu za mishahara. Kuanzia Novemba 1, 2024, mfanyakazi wa kawaida, kundi linalojumuisha wafagiaji, watunza bustani, matarishi, mayaya na walinzi wa mchana, hatakiwi kulipwa chini ya Sh16,113.75 kwa mwezi katika miji mikuu kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika miji iliyokuwa manispaa zamani, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kima chake ni takriban Sh14,867. Kwingineko kote nchini ni Sh8,596.49.

Mtwapa ni "kwingineko". Ukunda na Diani, kwenye hoteli ambazo wageni huvuka bahari kuzifuata, nako ni "kwingineko". Malindi, iliyo Kilifi kama Mtwapa, imo katika kanda ya pili kwa sababu iliwahi kuwa manispaa. Manispaa hizo zilifutwa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoingia. Baraza limekufa, ofisi zake zimebadilishwa jina, lakini mpaka wake bado unaamua mtoto wa nani atakunywa chai ya maziwa na wa nani atakunywa ya rangi.

Bei haziijui ramani hiyo

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya za mafuta, mji kwa mji. Mombasa, kwa kuwa ndiko meli zinakoshusha, huwa na bei ya chini kabisa. Kadiri lori linavyokwenda mbali na bandari, ndivyo senti zinavyoongezeka, hadi Mandera ambako lita moja huuzwa ghali kuliko popote nchini. Serikali yenyewe, kwa maandishi, inakubali kwamba umbali ni gharama.

Chukua sasa waraka wa pili wa serikali hiyo hiyo, amri ya mishahara. Huu unasema kinyume: ukitoka mjini, maisha yanakuwa nafuu, kwa hiyo mshahara na ushuke. Nyaraka hizi mbili haziwezi zote kuwa za kweli kwa mtu anayeishi Mtwapa. Unga anaoununua umepita Mombasa kabla ya kumfikia. Sukari, sabuni, mtungi wa gesi na kandambili za watoto, vyote vimelipiwa usafiri kuvuka daraja lile lile ambalo mshahara wake hukatikia.

Kodi ya nyumba nayo haimsubiri. Mtwapa imepanuka mno kwa sababu watu wa Mombasa wamehamia huko, na wageni wa Ulaya wamejenga na kustaafu huko. Mwenye nyumba hapangi kodi kwa kuangalia gazeti rasmi la serikali. Anaangalia nani yuko tayari kulipa, na kibarua wa Sh8,596 anajikuta akigombea chumba kimoja na karani anayelipwa mshahara wa jiji.

Ndiyo maana maisha yamekuwa ya kadogo: mafuta ya kupima, unga wa kupima, sabuni ya kipande, majani ya chai ya shilingi kumi. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayebeba gunia, kwa hiyo mshahara mdogo hununua vitu kwa bei kubwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza. Siku zinapozidi pesa, simu ndiyo kimbilio. Fuliza, mkopo wa simu, ilipoanzishwa mwaka 2019, ilikuwa msaada wa dharura. Leo ziko nyumba ambazo mshahara ukiingia, nusu saa haipiti kabla deni la simu halijaumega.

Imani ya shamba

Kwa nini basi sheria iliamini kwamba nje ya jiji mtu anaweza kuishi kwa nusu? Jibu liko nyuma sana, na Mombasa inalijua vizuri.

Katika ukoloni, mwajiri alimlipa Mwafrika mshahara wa kapera. Hesabu ilikuwa kwamba mke na watoto wako kijijini, wanalima, wanajilisha, na mfanyakazi akizeeka atarudi huko. Shamba ndilo lililojaza pengo ambalo mwajiri hakutaka kulijaza. Hesabu hiyo iliporomoka bandarini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kodi ya vyumba na bei ya chakula Mombasa zilikuwa zimeuacha mshahara mbali, na Januari 1947 mji ukasimama. Watu wa gati, wa reli, wa hoteli na wa majumbani waliacha kazi kwa siku 12 hivi, wakikutana kwenye uwanja walioupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa sauti ya Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini, na serikali ikaunda baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker. Kabla mwaka huo haujaisha, Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo kukaa mbali na watu wake kwa miaka mingi.

Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kile ambacho watu wa Kiwanja cha Maskini walikuwa wameshakisema: mshahara lazima uhesabiwe kwa kutazama familia, kapera hawezi kuwa kipimo. Hilo lilikuwa hatua kubwa mbele. Lakini imani ya shamba haikufa. Ilihama tu kutoka mjini, ikajificha katika kanda ya tatu, ambako mpaka leo mfanyakazi hulipwa kana kwamba ana mahindi na kuku nyuma ya nyumba.

Kwa Pwani, imani hiyo inauma kuliko popote. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, maelfu ya familia za ukanda huu zimeishi kama maskwota juu ya ardhi ambayo mababu zao walizikwa humo, huku hati zikishikiliwa na watu wasiowajua. Kibarua wa Mtwapa au Ukunda anayeambiwa ana shamba ndiye huyo huyo anayeambiwa hana haki ya shamba. Ananyimwa ardhi na ofisi moja, kisha ofisi nyingine inampunguzia mshahara kwa kudhani anayo.

Nyongeza iliyopunguza

Kanda ni upande mmoja wa tatizo. Upande wa pili ni muda. Mei 2018 kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 5. Kikakaa hivyo miaka minne, Covid-19 ikapita juu yake, hadi Mei 2022 kilipopandishwa kwa asilimia 12. Kikangoja tena hadi Novemba 2024 kuongezwa asilimia 6. Katika kipindi hicho cha pili, pakiti ya unga ya kilo mbili ilivuka Sh200, mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.6 Oktoba 2022, na Septemba 2023 petroli ikavuka Sh200 kwa lita. Bei hupanda usiku na mchana. Mshahara husubiri Mei Mosi na jukwaa.

Nimekaa na kalamu kuipima nyongeza hiyo ya asilimia 6, na matokeo yamenishtua. Mchukue mfanyakazi wa kawaida wa jiji la Mombasa. Mei 2022 mshahara wake wa msingi ulikuwa Sh15,201.65. Ukiongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, ambayo mwajiri asiyempa makao anatakiwa kumlipa, jumla ilikuwa Sh17,481.90. Alikatwa Sh200 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Sh600 za NHIF, bima ya afya. Alipeleka nyumbani Sh16,681.90.

Februari 2023 makato ya NSSF yakaanza kufuata sheria ya mwaka 2013, asilimia 6 ya mshahara. Mwaka huo huo ikaingia ada ya nyumba, asilimia 1.5. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHIF, bima mpya ya afya, ikachukua nafasi, asilimia 2.75. Mwezi uliofuata ndipo nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi ikaanza kutumika, na jumla yake ikapanda hadi Sh18,530.81. Ukitoa NSSF Sh1,111.85, SHIF Sh509.60 na ada ya nyumba Sh277.96, anabaki na Sh16,631.40.

Baada ya miaka miwili na nusu, na baada ya makofi ya Mei Mosi, mtu huyu anapeleka nyumbani Sh50 pungufu. Kweli, pesa za NSSF ni akiba yake ya uzeeni na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, kwa hiyo hazijapotea. Lakini mama mboga hapokei akiba ya uzeeni, na mwenye nyumba hangoji mpangaji atimize miaka 60.

Vuka daraja sasa. Mwenzake wa Mtwapa, kwa hesabu hiyo hiyo, anabaki na Sh8,844 hivi, akilipwa marupurupu ya nyumba kikamilifu. Gawanya kwa siku 30: haifiki Sh300 kwa siku. Humo mna chumba, maji, unga, nauli, sare za shule na homa ya mtoto. Na hayo ni ya aliyebahatika kupata mwajiri anayeifuata sheria. Mayaya wengi hawajawahi kukiona hata kima hicho.

Nini kifanyike

Sidai kwamba mshahara wa Nairobi upelekwe kila kijiji. Ganze si Nyali, na mwenye kioski Kaloleni akilazimishwa kulipa kama hoteli ya pwani atafunga mlango, na kazi zote mbili, yake na ya aliyemwajiri, zitapotea. Waajiri nao wanachangia ada ya nyumba na NSSF kwa kila mfanyakazi, na mzigo huo ni wa kweli. Kugawa nchi kwa kanda ni wazo la haki. Kosa ni kuzigawa kwa majina ya mabaraza yaliyokufa.

Majirani zetu Tanzania wamekwenda njia nyingine. Kima cha chini cha sekta binafsi huko hupangwa kwa sekta, na mkoa hauhesabiwi. Muuza duka wa Kariakoo na wa Nachingwea wana kima kimoja. Na muda nao umewaumiza: amri ya mwaka 2013 iliyoweka Sh115,000 za Tanzania kwa mwezi kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda ilikaa hadi Januari 2023, ndipo ikawa Sh150,000. Kuisahau ramani, basi, si dawa ya ramani mbovu.

Dawa ni kuichora upya kwa kufuata bei. Shirika la Kitaifa la Takwimu hukusanya bei za vyakula, kodi na nauli kila mwezi katika maeneo mbalimbali ya nchi. Takwimu hizo ndizo zinazotumika kutangaza mfumuko wa bei, na hakuna sababu zisitumike kuamua Mtwapa, Ukunda na miji mingine inayokua inafaa kanda gani. Pili, nyongeza iwe na tarehe yake kila mwaka, ifuate gharama za maisha, isiwe zawadi ya kungojewa jukwaani. Tatu, kila serikali inapoongeza makato, baraza la mishahara lipime kinachobaki mfukoni kabla ya kutangaza asilimia. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Hakikusema "isipokuwa kwingineko".

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hoteli zinazong'aa kutoka Kikambala hadi Diani hazikuota mchangani kama minazi. Zimefagiwa, zimelindwa na kupikiwa na watu ambao sheria imewaandika nje ya mji. Wizara ya Leba itakapoanza kuzichora kanda upya, watu wake waje Mtwapa alfajiri, wasimame katikati ya daraja, wamtazame usoni anayevuka kwenda kaskazini na wamweleze kwa nini jasho lake linashuka bei akifika ng'ambo. Wakishindwa kumweleza, waufute mstari huo.