Jumuiya ilivunjika 1977, deni likabaki kwenye familia

Katika nyumba nyingi za Tabora, Tanga, Moshi na Dar es Salaam kuna faili ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake mna barua ya ajira, hati za mshahara zilizochakaa na barua ya uhamisho yenye nembo ya shirika ambalo halipo tena. Mwenye faili pengine alishafariki dunia. Mjane wake analitunza kwa sababu aliambiwa ipo siku litahitajika.

Kwa vijana wa leo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ni hii ya sasa yenye nchi nane. Kwa wazee, neno hilo lina maana ya kazi. Ukisikia mtu akisema "baba alikuwa Jumuiya", ujue alikuwa reli, bandari, posta na simu, au shirika la ndege.

Mkataba wa Jumuiya hiyo ya kwanza ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 na Tanzania, Kenya na Uganda. Makao makuu yakawa Arusha, na mashirika yakagawanywa ili kila nchi ipate chake: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Kijana wa Kitanzania aliyeajiriwa reli aliweza kwenda kusomea kazi Nairobi, kisha akapangiwa kituo popote ambako njia ya reli ilifika. Kituo kilikuja na kota, na kota ilikuja na majirani. Mjaluo, Mganda na Msukuma walichota maji bomba moja, na watoto wao wakacheza pamoja. Wengine walioana.

Tusiipambe sana Jumuiya hiyo. Nyufa zilianza mapema. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda, wakati nchi zote tatu bado ni wanachama. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Kwa kuwa maamuzi makubwa ya Jumuiya yalihitaji marais watatu wakutane, chombo cha juu kabisa kikawa hakikutani tena. Tanzania nayo ilikuwa imechagua Ujamaa, Kenya ikaenda njia ya biashara binafsi, na kila upande ukaona mwenzake anafaidi zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 mashirika yaligombania hata fedha za kupeleka makao makuu.

Mapema mwaka 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na magari na ndege ndogo za watalii kutoka Kenya vilivyokutwa huku vikazuiwa. Bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na ilipofika mwisho wa Juni mambo yakawa yamekwisha. Kila nchi ilishika kilichokuwa mikononi mwake. Hata meli mbili za kubeba mabehewa katika Ziwa Victoria ziliachana: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja ikabaki Tanzania.

Mabehewa na meli hugawanyika. Watu ni kazi nyingine. Mtanzania aliyekuwa karani Nairobi alirudi nyumbani na familia ambayo pengine haikuwahi kuishi huko. Watoto waliozoea shule za Kenya wakaanza upya katika mfumo mwingine. Mke Mkenya alimfuata mumewe, na kwenda kuwaona wazazi wake kukawa kazi kubwa, maana mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kule Namanga, Sirari na Horohoro, ambako ndugu wa damu wanaishi pande zote mbili, watu waliendelea kuvuka kwa njia za panya. Wakati sabuni na mafuta ya kula vilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kopo la Kimbo lilikuja kwa magendo kupitia njia hizo hizo.

Wengi walipokelewa na mashirika mapya ya Tanzania: Shirika la Reli, Mamlaka ya Bandari, Posta na Simu, Air Tanzania. Kazi ilikuwepo. Swali lilikuwa miaka ile ya nyuma. Mtu aliyefanya kazi miaka 15 au 20, akikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya pensheni au mfuko wa akiba, amdai nani ikiwa mwajiri amekufa?

Jibu lilichelewa. Mei 1984, mbele ya msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi, nchi tatu zilisaini Arusha makubaliano ya kugawana mali: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila serikali ikakubali kuwalipa raia wake haki zao. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi. Lakini mfanyakazi hakuwemo kwenye kikao kile, na shilingi aliyokatwa mwaka 1970 ilikuwa inazidi kupoteza thamani kila mwaka aliosubiri.

Wastaafu wa Tanzania walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano na Serikali. Zaidi ya watu 31,000 walilipwa jumla ya shilingi bilioni 117. Hata hivyo wapo waliosema walichopewa si chote, na kwa miaka kadhaa Dar es Salaam ilizoea kuwaona wazee wa Jumuiya wakikusanyika na hata kukaa barabarani kuzuia magari. Baadhi ya vijana waliokwama kwenye foleni waliwacheka. Naona wangeanza kwa kumuuliza babu yao alifanya kazi wapi.

Kwa waliofariki, ugumu ulihamia kwa warithi. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mtoto hawezi kudai haki ya baba yake, na katika familia yenye wake wawili, mmoja yuko Kisumu na mwingine Morogoro, kikao cha kumchagua msimamizi huyo kinaweza kuwa kirefu kuliko kesi yenyewe.

Yaliyotokea 1977 yaliingia pia katika fikra za taifa. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, Tanzania iliingia taratibu, huku ikijitoa COMESA mwaka uliofuata. Katika mazungumzo ya soko la pamoja, yaliyozaa itifaki ya Novemba 2009, ilishikilia kwamba ardhi ibaki chini ya sheria za kila nchi. Nairobi kuna waliosema Watanzania ni waoga wa ushindani. Huenda woga upo, lakini nadhani kumbukumbu ni kubwa zaidi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1977 walikuwa wameshuhudia mwajiri mkubwa wa Afrika Mashariki akiyeyuka ndani ya miezi michache.

Kaskazini mwa Serengeti, lango la Bologonja lililokuwa likiwapitisha watalii kwenda na kutoka Maasai Mara lilifungwa mwaka ule. Watalii hawapiti hapo mpaka leo, na madereva wa Arusha wanaotaka kufika Mara huzunguka kupitia Sirari au Namanga.